Trekta dogo la dizeli linapogoma kuwaka: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Natengeneza matrekta Njombe, zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni simu yangu huita kabla jua halijachomoza. Mahindi yako shambani, tela limeshafungwa, vibarua wamefika, trekta haliwaki. Majibu mengi hapa yanahusu Massey Ferguson 35, 135 na 240 zenye injini ya Perkins ya silinda tatu, maana ndizo zilizojaa huku kwetu. Mwenye Kubota, Swaraj au pawatila (trekta la mkono la magurudumu mawili) asiache kusoma. Kanuni ni ileile.

Naomba neno moja likae kichwani tangu mwanzo, kwa kuwa limewagharimu wakulima fedha nyingi: pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli za silinda, ishukiwe mwisho. Kila mwaka naona pampu zimefunguliwa, zimesafirishwa, zimelipiwa, kumbe tatizo lilikuwa waya wa betri au mpira wa filta.

Dizeli haina plagi za cheche. Moto unatoka wapi?

Unatoka kwenye hewa. Pistoni ikipanda huibana hewa zaidi ya mara 17, na hewa ikibanwa ghafla kiasi hicho hupata joto la mamia ya digrii. Ukiwahi kujaza tairi la baiskeli kisha ukaishika pampu sehemu ya chini, joto hilo umeshalihisi mkononi. Nozeli ikipuliza dizeli kama ukungu ndani ya hewa hiyo, dizeli inawaka yenyewe.

Kwa hiyo injini inadai mambo matatu: izungushwe kwa kasi, hewa ibanwe bila kuvuja, na dizeli ifike kwa wakati wake ikiwa ukungu. Kasi ndiyo watu huisahau. Injini ikizunguka chini ya mizunguko kama 150 kwa dakika, joto la hewa huishia kwenye kuta za silinda kabla dizeli haijafika. Huku juu tuna mzigo wa ziada: hewa yetu ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na pwani, chuma kimelala kwenye baridi usiku kucha, oili imekuwa nzito na betri imepoteza sehemu ya nguvu zake. Trekta lenye kasoro ndogo tu litawaka Morogoro bila shida, na litagoma Makete.

Trekta limegoma. Nianze kukagua wapi?

Anza na sailensa. Kabla hujashika spana, mwambie mtu apige stata kwa sekunde kumi, wewe simama pembeni utazame bomba la moshi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ninayoifanya nikifika kwa mtu, hata akinieleza nini.

Hakuna moshi kabisa na stata inazunguka vizuri: dizeli haifiki kwenye silinda. Unatafuta upepo (hewa iliyonaswa) kwenye mabomba, tenki tupu, filta iliyoziba, au waya wa kuzimia uliokwama.

Moshi mweupe mzito unaowasha macho: dizeli inafika, lakini haiungui. Hapo ni baridi, mzunguko wa polepole, kompresheni (mbano wa hewa) iliyopungua, nozeli zinazotiririsha, au pampu iliyofungwa nje ya taiming, yaani inapuliza si kwa wakati wake.

Moshi mweusi wakati wa kuwaka: hewa haitoshi. Fungua chujio la hewa. Kwenye matrekta yenye chujio la bakuli la oili nimekuta oili iliyoganda kama ugali kwa vumbi la msimu mzima, na mara moja kiota cha panya kilichofika mpaka kwenye mpira wa hewa.

Stata inazunguka kivivu: usitazame moshi tena, nenda kwenye betri na nyaya zake.

Mambo manne hayo yanakuambia uende upande gani. Asiyetazama moshi hujikuta anafungua mabomba ya dizeli kwenye trekta lenye betri mbovu, na akiyafungua anaingiza upepo. Sasa ana matatizo mawili.

Betri ni mpya lakini stata inazunguka polepole. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na ndiyo kasoro ninayokutana nayo kuliko zote. Umeme wa stata ni mwingi mno. Kutu nyembamba kwenye kichwa cha betri, ambayo taa haiisikii hata kidogo, inatosha kuizuia stata. Kwa hiyo taa zikiwaka vizuri usiseme nyaya ni nzima.

Kama una mita, pima betri ikiwa imepumzika usiku kucha. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.0 iko karibu kuisha. Kisha pima mtu akipiga stata. Ikishuka chini ya 9.6 betri imechoka au haijachajiwa. Ikibaki juu ya 10 na stata bado inajikokota, betri haina kosa. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye nati ya waya mnene pale kwenye stata, piga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Rudia kwa upande wa hasi: nguzo hasi ya betri na mwili wa stata. Upande huu wa hasi ndio unaosahaulika, maana waya wake umefungwa kwenye chuma chenye rangi, tope na kutu.

Huna mita? Tumia mkono. Piga stata kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, zima, halafu gusa kila kiungo kimoja kimoja: vichwa viwili vya betri, mwisho wa waya kwenye stata, na pale waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi. Kiungo chenye joto ndicho kibovu. Kifungue, kikwangue kwa msasa mpaka chuma king'ae, kifunge kwa nguvu, paka grisi juu yake baada ya kufunga.

Angalia pia unene wa waya wenyewe. Nimeyaona matrekta yaliyobadilishiwa waya wa betri yakawekewa waya wa umeme wa nyumba uliokunjwa mara mbili. Huo hautoshi kuzungusha dizeli asubuhi ya Julai, hata ukinunua betri mpya kila mwezi.

Na unapopiga stata, kanyaga klachi mpaka chini. Gia boksi ya Massey imejaa oili nzito, na kwenye baridi stata inalazimika kuikoroga yote. Ukikanyaga klachi umeitua mzigo huo.

Nikigeuza ufunguo hakuna kinachotokea, hata mlio.

Kwenye Massey Ferguson 240 angalia kwanza kama gia ndogo, ile ya kuchagua nzito na nyepesi, iko katikati. Kuna swichi ya usalama inayokata umeme wa stata gia ikiwa imeingia. Swichi hiyo ikifa, ibadilishe. Tafadhali usiiruke kwa kuunganisha nyaya, wala usizoee kugusanisha stata kwa bisibisi ukiwa umesimama mbele ya tairi la nyuma. Trekta likiwa kwenye gia litawaka na kukupanda palepale, na hutapata nafasi ya kukimbia. Watu wamekufa hivyo, na katika yote niliyoandika hapa hili ndilo ninalolisisitiza zaidi.

Stata inazunguka vizuri, hakuna moshi hata kidogo. Nini?

Tazama waya wa kuzimia. Matrekta haya huzimwa kwa kuvuta kitufe, na kitufe huvuta waya uliounganishwa na mkono mdogo ubavuni mwa pampu. Waya ukiota kutu ndani ya ala yake, kitufe unakisukuma kinarudi, mkono kule kwenye pampu unabaki pale pale kwenye kuzima. Injini itazunguka mpaka betri iishe.

Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi tulitumia siku mbili kwenye trekta la mzee mmoja kwa sababu ya waya huo. Tulibadilisha filta, tukatoa upepo mara nne, tukaanza kulegeza bolti za pampu. Mzee alikuwa amekaa juu ya gunia akitutazama kimya. Mwisho akasema, "Wajukuu zangu, hicho kimkono hakisogei." Kilikuwa hakisogei kweli. Tulikisukuma kwa kidole na trekta likawaka. Tangu siku hiyo nasukuma mkono huo kwa kidole kabla ya kufungua chochote, na namwomba mwenye trekta aniambie alichokiona yeye, kwa sababu amelizoea kuliko mimi.

Mkono ukiwa sawa, angalia koki ya tenki, kiasi cha dizeli, na tundu la hewa kwenye mfuniko wa tenki. Tundu likiziba kwa tope, tenki hunyonya utupu na dizeli inakataa kushuka. Legeza mfuniko: ukisikia pumzi inaingia, umelipata. Vyote vikiwa sawa, mafuta yameingia upepo.

Natoaje upepo kwenye mfumo wa dizeli?

Jaza tenki angalau nusu, fungua koki, sukuma kitufe cha kuzimia ndani. Osha sehemu ya filta na pampu kabla ya kulegeza chochote, kwa mafuta ya taa na brashi. Chembe moja ya mchanga ikiingia ndani ya pampu inakwangua chuma kilichosagwa kwa ustadi mkubwa.

Ubavuni mwa injini kuna pampu ndogo ya kuvuta mafuta yenye kimkono cha kupampia kwa kidole gumba. Kama kimkono hakina uzito wowote, si lazima kiwe kibovu. Huenda kemu ya injini (kinundu kwenye shafti kinachoiendesha pampu hiyo) imesimama ikiisukuma pampu. Gusa stata kidogo injini igeuke nusu mzunguko, kisha jaribu tena. Watu wengi wameitupa pampu ndogo nzima kwa kutojua hilo.

Sasa fuata njia ya mafuta kutoka tenki kwenda mbele, usiruke hatua. Legeza bolti ya upepo juu ya kichwa cha filta, pampu kwa kidole. Itatoka povu kwanza, kisha povu na dizeli, mwisho dizeli tupu yenye rangi moja. Kaza wakati bado inatoka, ukiwa unaendelea kupampu. Nenda kwenye pampu ya nozeli. Kwenye pampu ya duara ya kampuni ya CAV kuna skrubu mbili za upepo: moja chini ubavuni, nyingine juu kwenye boksi la gavana (kirekebisha kasi). Anza na ya chini, malizia na ya juu, kwa namna ileile. Skrubu hizi ni nyembamba, ukizikaza kwa hasira zinakatika.

Mwisho, legeza nati za mabomba ya chuma pale yanapoingia kwenye nozeli mbili, vuta mafuta hadi mwisho, piga stata. Dizeli ikianza kuchuruzika bila povu, kaza, na trekta litashika. Stata isizidi sekunde 15 kwa mara moja; ipumzishe dakika moja au mbili ipoe.

Usiweke kamwe kidole au kiganja mbele ya bomba hilo wala mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli pale ina msukumo wa kupenya ngozi na kuingia kwenye nyama. Tundu linaonekana dogo kama la sindano na halitoki damu nyingi, lakini mkono unaweza kukatwa kwa sababu yake. Ikitokea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama huumwi.

Nimetoa upepo, limewaka, lakini kesho yake asubuhi limegoma tena.

Basi upepo unaingia usiku, na hujapata tundu lenyewe. Mfumo huu kati ya tenki na pampu ndogo hunyonya, hausukumi. Penye ufa pembamba dizeli haivuji nje ukaiona. Hewa ndiyo inayoingia ndani, na dizeli inarudi tenki taratibu wakati umelala.

Washukiwa wangu, kwa mpangilio ninaowakagua: mpira wa filta, wosha za shaba, bomba la kutoka tenki, kioo cha pampu ndogo. Mpira wa filta huongoza kwa mbali. Kila filta mpya huja na mipira yake, mtu akauacha wa zamani kwenye mfereji na kuweka mpya juu yake, au akaubana ukajikunja upande mmoja. Toa wa zamani kwa ncha ya mti, usitumie bisibisi, paka mpya dizeli, ukalishe kwa kidole kuzunguka mfereji wote ndipo ufunge. Wosha za shaba zilizotumika mara tano zimekuwa ngumu. Zipashe moto mpaka ziwe nyekundu, zizamishe majini, zitalainika na kuziba tena.

Ukishindwa kuona penye tundu, kata kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, kile kinachovumilia dizeli, ukiweke kwa muda kati ya pampu ndogo na filta. Washa, tazama. Mapovu yakipita hapo, tundu liko nyuma, upande wa tenki. Yasipopita, liko mbele. Kwa bomba la shilingi chache unakuwa umegawa tatizo katikati.

Asubuhi linatoa moshi mweupe, mchana linawaka bila shida. Ni nozeli?

Huenda, lakini kagua kwanza kifaa cha kupashia joto. Injini za Kubota na nyingi za Kijapani zina hita plagi, moja kwa kila silinda. Plagi moja ikifa, injini itaanza kwa kukohoa na moshi mweupe, kisha itatulia. Toa waya, pima kila plagi kwa mita. Isiyopitisha umeme imekufa.

Perkins ya Massey haina hita plagi. Ina thermostati ya kuwashia, Thermostart kwa jina la kiwandani, iliyofungwa kwenye manifoldi ya hewa. Ndani yake kuna koili. Umeme ukipita koili inakuwa nyekundu, joto linafungua vavu ndogo, dizeli inadondoka na kuwaka, na mwali huo unapasha hewa inayoingia. Shikilia ufunguo kwenye nafasi ya joto kwa sekunde 15 hadi 20, ukihesabu kweli, ndipo upige stata. Wengi wanahesabu mpaka tano kisha wanasema kifaa hakifanyi kazi.

Ili kujua kama kizima, papasa manifoldi kwa nje pale kilipofungwa baada ya sekunde 20. Chuma kikibaki baridi, angalia umeme, halafu angalia kibomba chembamba kinachokiletea dizeli. Huku kwetu kibomba hicho mara nyingi kimepondwa kwa nyundo na kuzibwa na fundi aliyechoka na uvujaji, na koili ikipashwa bila dizeli huungua. Kukirudisha ni gharama ndogo kuliko betri na stata unazozimaliza kila msimu wa baridi.

Hapa nawakumbuka wenye Massey Ferguson 35 za kwanza kabisa zenye injini ya silinda nne. Zile zilisumbua kuwaka kwenye baridi tangu zikiwa mpya, na mwaka 1959 ndipo injini ya Perkins ya silinda tatu ilipoanza kuchukua nafasi yake. Ukiwa na hiyo ya zamani, usijilaumu.

Naweza kupuliza eta (dawa ya kopo ya kuwashia injini), kumwaga petroli au kuwasha kitambaa mbele ya chujio la hewa?

Hapana. Najua wengi wanafanya, na najua linawaka. Eta na petroli huwaka mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda, na kishindo chake huvunja ringi na kupinda konrodi. Injini ikizoeshwa hivyo, baada ya muda haitawaka bila eta, kwa sababu ringi zimeshaharibika. Ukipuliza eta kwenye injini yenye hita plagi au thermostati iliyopashwa, manifoldi inaweza kulipuka usoni mwako. Na kitambaa cha moto kikimezwa na injini, unaokota vipande vya mkaa kwenye vavu.

Tumia maji ya moto. Ndoo moja, yakimwagwa taratibu juu ya manifoldi ya hewa na pembeni mwa silinda, au yawekwe kwenye rejeta iliyomwagwa maji jioni. Usiyamwagie pampu ya nozeli. Betri ilale ndani ya nyumba, mbali na moto, ifungwe asubuhi. Mzee mmoja wa Makete hufunika injini kwa magunia mawili na turubai mara tu anapozima jioni, injini ikiwa bado na joto, na analiwasha alfajiri wakati majirani bado wanavutana.

Likiwa baridi linawaka mara moja, likipata moto likazimwa haliwaki mpaka lipoe. Hii nayo ni nini?

Hapa ndipo pampu ya nozeli inapostahili kushukiwa. Ndani ya pampu ya CAV kuna rota inayozunguka ndani ya kichwa chake, na nafasi kati yao ni ndogo kuliko unywele. Ikilika kwa uchafu na maji, dizeli nzito ya asubuhi bado inaziba pengo. Mchana dizeli imepata joto na kuwa nyepesi, inapenya pengo, na kwa mzunguko mdogo wa stata haibaki ya kutosha kufungua nozeli.

Jaribio lake ni rahisi. Trekta likigoma likiwa na joto, na injini imezimwa, lowesha kitambaa kwa maji baridi, kikunje juu ya pampu, kiloweshe tena kwa dakika kumi. Likiwaka, jibu umepata: kichwa na rota vimelika. Usimwage maji kwenye pampu injini ikiwa inazunguka, itakwama na kukatika shafti.

Lakini thibitisha kwanza kwamba stata haichoki ikipata joto. Stata yenye bushi zilizolika huzunguka vizuri asubuhi na kuburuta mchana, na dalili zinafanana sana.

Nitajuaje kama kompresheni imekwisha?

Fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu. Ikipumua moshi kwa mipigo kama mtu mwenye pumu, ringi zimechoka. Kipimo cha uhakika ni geji: injini nyingi ndogo za dizeli zikiwa nzima husoma kati ya bari 25 na 35, na silinda zote zinapaswa kukaribiana. Ile iliyo chini, tia kijiko kimoja tu cha oili ndani, pima tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, vavu au gaskiti.

Kabla ya kukata tamaa, pima uwazi wa vavu. Kwenye Perkins ya silinda tatu ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Vavu iliyobanwa haifungi sawasawa, na nimeona trekta lililohukumiwa kubadilishwa pistoni likapona kwa fila geji (vibamba vya kupimia uwazi) na saa moja ya kazi.

Pampu imetoka kutengenezwa, imefungwa, sasa trekta halishiki kabisa.

Tazama alama. Kuna mstari kwenye sikio la pampu na mwingine kwenye bamba la injini, lazima vikutane. Vikikutana na bado moshi ni mweupe, shafti inaweza kuwa imeingia vibaya au mabomba ya nozeli yamepishana. Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1, 2, 3. Ukitoa pampu siku nyingine, weka alama zako mwenyewe kwa patasi kabla ya kulegeza bolti.

Dizeli ya kwenye madumu inaweza kusababisha haya?

Ndiyo, na sana. Pampu hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni kavu na inaisaga. Tatizo la uchakachuaji lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili faida ya kuchanganya iishe. Kituoni sasa kuna nafuu. Dumu la barabarani halina wa kulisimamia.

Maji nayo ni adui. Dumu likilala nje, au tenki likibaki nusu tupu usiku wa baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone na kutuama chini. Jaza tenki jioni ukimaliza kazi. Acha dumu litulie usiku kucha, mimina kwa kitambaa safi, na lita ya mwisho usiitie. Kila wiki legeza koki chini ya filta, kinga kwenye chupa ya kioo. Maji utayaona yamekaa chini, yakitenganishwa na dizeli kwa mstari.

Vipi kulivuta kwa trekta jingine au kulishtua mteremkoni?

Kwa dharura sawa, ila tumia mnyororo mrefu au fito ya chuma, gia ya juu, na mtu mzoefu kwenye kila usukani. Asisimame mtu kati ya matrekta wala pembeni mwa mnyororo. Kulilaza mteremkoni kila siku ili usitengeneze stata, hapana. Breki za Massey za zamani hazishiki vizuri, na usukani ni mzito.

Na pawatila ya hendeli?

Inua kidekompresa (kimkono kinachoachia mbano wa hewa), zungusha hendeli mpaka injini ipate kasi na usikie nozeli inagonga, ndipo uachie. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisiizunguke hendeli, maana injini ikirudi nyuma inavunja mkono. Kama nozeli haigongi, dizeli haifiki. Rudi kwenye kutoa upepo.

Nimekagua yote. Nikipeleka pampu na nozeli kwa fundi pampu, nimwambie nini?

Mpe dalili, usimpe hukumu. Mwambie moshi una rangi gani, linagoma likiwa baridi au likiwa na joto, lilianza ghafla au lilizidi kidogo kidogo, na jaribio la kitambaa lilijibu nini. Nakili namba iliyo kwenye kibati cha pampu kabla hujaondoka. Ziba matundu yote kwa plastiki safi na mpira, usitumie pamba wala karatasi. Peleka nozeli zote tatu, hata kama unashuku moja, azipime pamoja kwenye mashine, nawe usimame uone jinsi kila moja inavyopuliza: ukungu unaokatika ghafla ni nzima, mchirizi au tone linalobaki ncha ni mbovu. Omba vipuri vya zamani urudi navyo. Na ukifika nyumbani, kabla ya kufunga pampu, badilisha filta na usafishe tenki, maana uchafu ulioua ile ya kwanza bado umo humo ndani.